Likizo Lushoto: Mlima, bibi na watoto wenye ndala

Basi linasimama Mombo saa saba mchana, jua la utosi. Inateremka familia nzima: baba, mama, bibi mwenye mkoba wa ukindu, dada wa kazi, na watoto watatu ambao tangu Korogwe wamekuwa wakiuliza kama wamefika. Hawajafika. Upande wa kulia wa barabara kuu iendayo Moshi imesimama Milima ya Usambara, na mji wanaoutafuta umejificha huko juu, nyuma ya miamba.

Madereva wa noah wanawazunguka. Mmoja ameshabeba begi la bibi, mwingine anamvuta baba pembeni wapatane bei. Mama anahesabu watoto, anahesabu mabegi, kisha anatazama miguu ya mdogo wao. Ndala. Viatu vya kufunga vimebaki Dar es Salaam chini ya kitanda, kwa kuwa katika joto la kule hakuna aliyekumbuka kwamba wanakwenda kwenye baridi.

Familia za namna hii huonekana Mombo shule zinapofungwa. Lushoto, mji ulio kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, umekuwa jibu la wazazi wanaotaka watoto wao wavute hewa nyingine, mbali na jasho la pwani. Lakini ni mji uliozoea wageni wa aina tofauti, na wazazi wengi huupanda wakiwa wamepanga nauli na malazi tu. Mengine huyakuta huko huko.

Mji wa kupumzikia wakubwa

Lushoto haikuanza kupokea wapumzikaji jana. Wajerumani waliuita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao, wakaufanya makao ya wilaya. Reli yao kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na tangu hapo mzungu aliyechoshwa na joto na homa za pwani alikuwa na pa kukimbilia. Waingereza nao walipoichukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza walijenga makazi ya gavana huko huko, kwa ajili ya miezi ya joto.

Katika miaka ya 1990 ulikuja utalii wa namna nyingine. Kwa msaada wa SNV, shirika la maendeleo la Uholanzi, na kwa ushirikiano na Bodi ya Utalii Tanzania, vijana wa Lushoto walijipanga kuwaongoza wageni kwa miguu vijijini, sehemu ya mapato ikienda kwenye shughuli za jamii. Njia zilizopata umaarufu wakati ule ndizo zinazouzwa hadi leo: matembezi ya kutwa nzima, au safari ya siku kadhaa kutoka Lushoto hadi Mtae, kwenye ukingo wa kaskazini wa milima, mgeni akilala njiani.

Ni njia nzuri. Ila zilipangwa kwa mtu mzima mwenye buti, chupa ya maji na magoti yasiyolalamika. Hakuna aliyemfikiria mtoto wa miaka minne ambaye akichoka hukaa chini katikati ya njia na kugoma. Wala hakufikiriwa bibi, ambaye anataka sana kuiona nyika kutoka juu lakini hataongeza hatua kumi zaidi ya pale gari linapoishia.

■ Hakuna aliyemfikiria mtoto wa miaka minne ambaye akichoka hukaa chini katikati ya njia na kugoma.

Kalenda mbili zisizosalimiana

Mtihani wa kwanza wa mzazi haumo mfukoni, umo kwenye kalenda. Shule za Tanzania hufungwa kwa muda mrefu mara mbili, Juni na Desemba. Usambara nayo ina majira yake: masika ya Machi hadi Mei, vuli ya Oktoba hadi Desemba, na katikati ya mwaka baridi yenye ukungu. Miezi ambayo njia ni kavu, anga ni safi na baridi haitetemeshi, yaani Agosti na Septemba, kisha Januari na Februari, watoto wako darasani.

Anayebaki na wakati wa kuchagua huchagua nusu shari.

Juni mvua kubwa zimekwisha, mashamba ni mabichi na maporomoko yana maji ya kutosha. Lakini usiku wa Juni na Julai joto linaweza kushuka hadi karibu nyuzi 10, na asubuhi ukungu unaweza kuufunika mwamba wa Irente hadi saa nne au tano. Mtoto huletwa ukingoni, akaoneshwa weupe mtupu, akaambiwa huko chini kuna nyika kubwa. Atakuamini kwa heshima tu.

Desemba hewa ni ya kupendeza na plamu na fyulisi zimeanza kujaa sokoni. Tatizo ni kwamba vuli haijaaga. Njia za mashambani huwa tope linaloteleza, na mvua zikizidi, mawe na udongo huporomoka kwenye barabara ya Mombo. Si mara moja wala mbili njia hiyo imefungwa hadi mitambo ilipofika.

Mimi nachagua Juni, na katika Juni nachagua wiki za mwisho. Baridi ina dawa inayojulikana, tena inauzwa kwenye mitumba ya Lushoto kwenyewe kwa aliyesahau sweta nyumbani. Barabara iliyofukiwa na udongo haina dawa ya kununua.

Wanaofaidi ni majirani zetu. Shule za Kenya hufungwa Agosti, kwa hiyo familia ya Mombasa inayovuka Lungalunga na Horohoro kupitia Tanga, au ya upande wa Nairobi inayoshukia Taveta na Holili, inaweza kuikuta Lushoto katika wiki zake bora kabisa, wakati wenye nchi wanawapigia watoto wao pasi sare za shule.

Bibi wa Moshi naye anasubiri

Desemba ina ugomvi mwingine ambao hauhusiani na mvua. Kwa kaya nyingi, likizo maana yake ni kwenda nyumbani. Kila mwisho wa mwaka barabara ya kaskazini hujaa magari ya wanaorudi Kilimanjaro kula sikukuu, na tiketi za basi huwa za kugombewa. Kule babu ameshamtenga mbuzi. Familia ikiamua mwaka huu kwenda kutalii Lushoto badala ya kwenda kusalimia, simu itapigwa kutoka kijijini, na haitakuwa fupi.

Hoja ya wazee ni nzito. Mtoto asiyekijua kihamba, yaani shamba la ukoo, cha babu yake, asiyejua kaburi la nani liko chini ya mgomba upi, anapelekwa kulipia kutazama shamba la mtu mwingine. Amejifunza nini?

Hoja ya wazazi nayo si nyepesi. Nyumbani wanakwenda kufanya kazi. Mama atapika kwa ajili ya watu thelathini, baba ataitwa kwenye kikao cha mipaka, na watoto watakaa kwenye benchi na simu wakisubiri wakubwa wamalize maneno yao. Wanarudi mjini wamechoka kuliko walivyotoka, halafu hiyo nayo inaitwa likizo.

Ramani inaweza kuwapatanisha kidogo. Barabara ya Moshi inapita Mombo, kwa hiyo mwenye gari anaweza kukata kona na kulala Lushoto usiku mbili. Afanye hivyo wakati wa kurudi. Wakati wa kwenda gari limejaa zawadi, na kila mtu anawaza sikukuu. Wakati wa kurudi kuna nafasi, na pengine kuna bibi mwenyewe, aliyeombwa asindikize wajukuu kidogo. Wa basi hesabu yao ni nyingine: ukishuka Mombo wakati wa msimu, usitegemee kuokota viti vitano kwenye basi la siku ya tatu. Kata tiketi ya kuendelea kabla hujaondoka.

Kilomita 33 za tumbo

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi za lami. Katika umbali huo gari hupanda karibu mita 1,000, kona baada ya kona, mwamba upande mmoja na bonde la mto upande mwingine. Hapa ndipo likizo nyingi huharibika kabla hazijaanza. Mtoto aliyeshibishwa chipsi mayai na soda pale kituoni atavirudisha kabla ya Soni, mara nyingi kwenye mapaja ya dada yake.

Mlishe kidogo, na kikavu: mkate, ndizi, maji. Aketi karibu na dirisha, upande wa mbele kama inawezekana, atazame mbali. Simu aliyokuwa akichezea tangu Chalinze irudi kwa mwenyewe, kwa sababu kutazama kitu cha karibu gari likiyumba ndiko kunakochafua tumbo. Mwenye historia ya kutapika apelekwe duka la dawa siku moja kabla, mfamasia aulizwe dawa inayomfaa kwa umri na uzito wake. Anayenyonya apewe ziwa gari likipanda, maana kumeza ndiko kunakozibua masikio. Wakubwa wapewe pipi.

Na bebeni kopo lenye mfuniko. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019, ile rambo iliyokuwa ikiokoa safari haipatikani tena kirahisi, na mfuko mbadala wa kitambaa unavuja. Aliyewahi kujaribu hahitaji maelezo.

Noah inayojaza abiria mmoja mmoja haisimami kwa ajili ya tumbo la mwanao. Ya kukodi husimama, na hapo ndipo fedha ya ziada inapofanya kazi. Simameni Soni, kama nusu ya njia, ambako maporomoko ya maji yako karibu na barabara na wauza matunda wako karibu zaidi. Dakika ishirini za kunyoosha miguu hapo huokoa safari yote iliyobaki.

Kuna wazazi wanaofikiria kusafiri usiku ili watoto walale. Mabasi yaliruhusiwa tena kutembea usiku kucha kuanzia Oktoba 2023, na kwa safari ya Mwanza au Arusha hoja hiyo ina mantiki. Kwa Lushoto haina. Utashushwa Mombo saa tisa usiku na watoto wenye usingizi, au utapanda zile kona gizani na kwenye ukungu. Yapo mabasi ya mchana yanayotoka Kituo cha Magufuli, Mbezi, moja kwa moja hadi juu. Chukueni hayo.

Watoto wakiuliza tena kama wamefika, kuna hadithi ya kuwapa. Soni ndiko njia ya Vuga na Bumbuli inakochepukia, na Vuga ndiko Mbegha alikotawazwa. Mbegha alikuwa kigego, meno ya juu yalimtangulia kuota, na ndugu zake wa Nguu wakamwona mkosi, wakamnyima urithi wake. Akaishi porini na mbwa wake akiwinda nguruwe, akapanda milima hii akigawa nyama, akaua simba, na Washambaa wakamfanya mfalme wao. Ndiye chimbuko la ukoo wa Wakilindi. Mzazi anayetaka kuisimulia vizuri aisome katika Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi, iliyoandikwa kwa Kiswahili. Mtoto wa miaka sita anayeng'oka meno ataisikiliza hadi mwisho.

Blanketi, maji moto na jiko

Picha za nyumba za kulala wageni huonesha mandhari. Mandhari ya Lushoto hayana shaka, kwa hiyo usipoteze simu yako kuyauliza. Uliza kitanda kina mablanketi mangapi. Uliza maji moto yanatoka saa ngapi, na umeme ukikatika yanachemshwa wapi. Uliza mtoto anayelala na wazazi analipiwa au halipiwi, kwa kuwa kila nyumba ina sheria yake na nyingine huitangaza siku ya kuondoka.

Uliza pia kuhusu uzio. Nyumba nyingi za huko zimejengwa kwenye mteremko, na baraza inayomfurahisha mtu mzima kwa chai ya jioni inaweza kuwa na mwanya unaomtosha mtoto wa miaka miwili.

Chakula cha jioni kiagizwe asubuhi. Majiko mengi ya huko huanza kupika baada ya mgeni kuagiza, kuku akiwa bado anatembea, na sahani hufika saa mbili na nusu usiku mlaji akiwa amelala mezani.

Jambo moja halina mjadala. Baridi ikizidi, usiingize jiko la mkaa chumbani, hata kama mhudumu amelileta kwa nia njema na hata kama makaa yameshakuwa mekundu bila moshi. Hewa ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Chumba kilichofungwa madirisha kwa sababu ya baridi ndicho kinachoikusanya. Jiko libaki nje. Mtoto aongezewe soksi na blanketi.

■ Baridi ikizidi, usiingize jiko la mkaa chumbani, hata kama makaa yameshakuwa mekundu bila moshi.

Mbu hupungua kadiri mnavyopanda, lakini hawaishi, na mmepita Korogwe na Mombo. Tena malaria ya Dar es Salaam hupanda mlima ndani ya damu ya mtoto. Homa ikimshika usiku wa pili, usiseme ni baridi tu, mpelekeni akapimwe. Hospitali ya wilaya iko mjini hapo hapo.

Mtoto anaona nini huko?

Sasa kwenye utamu wenyewe. Kivutio kikuu ni Irente, mwamba ulio kilomita sita hivi kutoka mjini, ambapo milima inakatika ghafla na nyika inatandazika chini hadi jicho linapochoka. Ukichungulia unaona paa za Mazinde zimelala chini kabisa. Kwa miguu kwenda na kurudi ni safari ya nusu siku, na mtoto mdogo hataimaliza. Kodini gari la kwenda, mrudi kwa miguu kipande kimoja, kile cha mteremko. Bodaboda iachwe kwa wasio na watoto. Kupakiana mshikaki kwenye njia ile ni kutafuta makubwa.

Pale ukingoni hakuna kizuizi cha kutegemea. Kila mtoto mdogo ashikwe mkono na mtu mzima wake, na mtu mzima huyo asiwe ndiye mpiga picha.

Njiani kuna Shamba la Irente, la Kanisa la Kilutheri, linalojulikana kwa mkate, jibini, jemu na juisi. Wakubwa huketi bustanini wakala bila haraka. Watoto, nilivyowaona, hawana habari na jibini. Wamekwenda kwa ng'ombe. Waacheni huko. Mtoto wa Sinza au Mbagala anayejua maziwa ya pakiti pekee anaweza kumaliza saa nzima akimtazama ng'ombe akicheua, na hiyo saa haina kiingilio.

Upande wa pili wa mji, juu zaidi, iko Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Huu ni msitu wa kweli wa milimani: miti minene ya mikulo, kuvu, ukimya, na mbega weusi kwa weupe wanaorukaruka juu huku mikia yao ikining'inia. Mbega hawana miadi, msiwaahidi watoto. Ahidini magome, mawe ya kijito na koni za misonobari kwenye mashamba ya miti ya jirani. Hizo hupatikana kila siku, na mifuko ya suruali itarudi imejaa.

Lakini kama ningeambiwa nichague kitu kimoja cha kumwonesha mtoto Lushoto, ningemtafutia kinyonga. Usambara ina aina zisizopatikana kwingine duniani, na yuko pia yule mwenye pembe tatu usoni, ambaye hata mtoto aliyelelewa kwenye katuni humtazama mara mbili. Mchana huwaoni, wamejigeuza majani. Usiku, wakiwa wamelala kwenye vitawi, rangi yao hupauka, na tochi ikiwapitia wanang'aa kwenye giza. Mtoto aliyeshika tochi ndiye atakayemwona wa kwanza, kwa kuwa macho yake yako chini karibu na vichaka, na usiku huo hatalala kwa furaha.

Bibi atakemea. Wengi wetu tumekuzwa tukimwogopa kinyonga, tukiambiwa akikukanyaga hatoki, au kwamba ni mkosi kukutana naye njiani. Bibi aachwe na maoni yake hapo barazani, wajukuu waende na mwongozaji. Wasimshike wala wasivunje tawi alilolalia. Na mtu akiwaletea kinyonga kwenye kijiti mchana ili mmpe hela, kataeni, maana ukimnunua wa leo, kesho watang'olewa kumi.

Siku moja ibebe matembezi mamoja. Wazazi waliolipa nauli ya watu saba hutaka kuirudisha kwa kuona kila kitu: asubuhi Irente, mchana Magamba, jioni sokoni. Watoto hushika kitu kimoja, na mara nyingi si kile kilicholipiwa.

Wataona pia watoto wenzao. Hili huwashtua wazazi kuliko watoto. Njiani watapishana na msichana wa rika la binti yao mwenye mzigo wa kuni kichwani, akisalimia kwa adabu huku akiendelea kupanda mlima ambao binti yao anaulilia. Wazazi wengi hapo hutoa pipi au noti ili dhamiri itulie. Pipi hizo ndizo zinazozaa kundi la watoto wanaomfuata kila mgeni wakinyoosha mikono. Mpira hufanya kazi vizuri zaidi. Kila kijiji kina kiwanja, hata kama kimeinamia bondeni, na mpira ukiteremka kila mtu hukimbia pamoja. Vituo vya kulelea watoto yatima navyo visiwekwe kwenye ratiba ya matembezi. Mwenye msaada aupeleke ofisini kwa utaratibu, bila kamera.

Mwongozaji, mwenye nyumba na mwenye karoti

Hapa ndipo pande zinapokwaruzana.

Waongozaji wanasema familia za Kitanzania hazitaki kulipa. Zinafika, zinauliza njia ya Irente, zinakwenda zenyewe, halafu mtoto anapoteza kiatu bondeni na simu inapigwa ofisini kwao kuomba msaada wa bure. Wanakumbusha kwamba ada ya mwongozaji hulisha zaidi ya mtu mmoja, na kwamba msituni hakuna alama za kutosha za kumrudisha mtu aliyepotea.

Baba wa familia ana hesabu yake. Bei aliyotajiwa ni ya kichwa, na imepangwa kwa mgeni mmoja au wawili waliotoka Ulaya. Yeye ana vichwa saba. Ukizidisha, matembezi ya saa tatu yanafika bei ya mbuzi. Na kuna lile neno la chini kwa chini, kwamba analipaje kutembea katika nchi yake mwenyewe? Hapa simwungi mkono. Kazi ya mtu hulipwa, hata mfanyakazi akiwa ni Mtanzania mwenzako. Lakini hesabu yake ya vichwa ni sahihi kabisa.

Wenye nyumba za wageni nao hulalamika kwamba mgeni wa nje huweka nafasi miezi kabla, wakati familia ya Dar es Salaam hupiga simu Ijumaa asubuhi kwa ajili ya Ijumaa jioni, kisha huomba punguzo kwa sababu watoto wanabanana. Wazazi hujibu kwamba likizo zao hutegemea mshahara na ruhusa ya mwajiri, na vyote hivyo hutoka dakika za mwisho.

Mkulima haulizwi sana, ingawa njia nyingi zinapita kwenye shamba lake. Karoti zinazokanyagwa na watoto wakikimbizana ni ada ya shule ya mtu. Plamu iliyoiva ukingoni mwa njia ina mwenyewe, na mwenyewe yuko pale kwenye migomba anakutazama.

Kiingilio cha hifadhi ni suala jingine, na ni jepesi. Viwango vya raia ni tofauti na vya wageni, na malipo ya serikali hufanywa kwa kumbukumbu namba, kwa simu au benki. Maliza malipo mjini, kabla ya kufika mahali mtandao unapobaki na kijino kimoja, na utunze risiti.

Kinachokosekana ni kidogo kuliko kelele zinazopigwa. Njia fupi moja ya saa moja na nusu, inayoanzia na kuishia panapofika gari, ikiwa na benchi la bibi na kijito cha watoto, yenye bei ya kundi iliyoandikwa kwenye ubao. Hakuna mfadhili anayehitajika kwa hilo. Waongozaji wanazijua njia hizo tayari, wao hupita na watoto wao Jumapili wakitoka kanisani au wakienda kwa mashangazi zao.

Mpaka ubao huo utundikwe, mwenye msafara wa watu saba apatane bei ya kundi ofisini, kwa maandishi, kabla hajaanza kufunga kamba za viatu. Na katika mapatano hayo asisitize kwamba mtoto aliyebebwa mgongoni hahesabiwi, kwa kuwa ndiye pekee ambaye hatatembea hata hatua moja.